Mwanafunzi akikwama kwenye mfumo wa maktaba, kosa sio lake

Mimi ni mkutubi, nipo upande wa huduma za kidijitali kwenye maktaba ya chuo, na kuna maneno nayasikia karibu kila siku pale kaunta: "samahani, mimi haya mambo ya mtandao huwa yananishinda". Mtu anayasema kwa sauti ya chini kama vile kafanya kosa, halafu nikikaa naye nikaangalia anavyofanya naona hajakosea popote, kaandika jina la kitabu, kabofya pale panapoonekana ni pa kubofya, mfumo ndio umemtupa. Hii inaniuma, maana akiondoka anaamini yeye ndio tatizo harudi tena, na maktaba inabaki inalipia majarida kila mwaka huku waliolipiwa hawayasomi.

Mwaka 1931 mkutubi wa India, S. R. Ranganathan, alitoa kanuni 5 za maktaba na ya 4 inasema okoa muda wa msomaji. Enzi zake ilikuwa kadi kwenye droo na msomaji kuruhusiwa aingie mwenyewe kwenye rafu, lakini kanuni ni ileile tu. Siku hizi muda wa msomaji unaliwa na linki iliyokufa, na pasiwedi 3 tofauti kwa huduma 3 za maktaba moja, na ukurasa unaokuambia "hakuna matokeo" halafu basi, unakuacha hapo.

Mimi naanzia kwenye maneno, kwa sababu ndio rahisi kurekebisha na ndio tunayopuuza kuliko yote. Angalia websaiti nyingi za maktaba za vyuo, utakuta OPAC, rasilimali za kielektroniki, repozitori, hifadhidata, yaani majina tunayoitana sisi kwa sisi ofisini. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anatafuta kitabu, sasa atajuaje kwamba OPAC ndio katalogi na katalogi ndio pa kutafutia kitabu? Andika "Tafuta kitabu". Andika "Tafuta makala", "Ongeza siku za kuazima", "Soma tasnifu za chuo". Kama hamna uhakika watu wanayapangaje mambo kichwani mwao, kuna njia ya vikadi, mnaandika kila huduma kwenye kikaratasi kimoja, mnampa mwanafunzi rundo lote apange makundi yake mwenyewe na kila kundi alipe jina, msimsaidie. Mkifanya na watu 10 hivi mtaona menyu yenu ilipangwa kwa kufuata idara za maktaba, sio kazi aliyokuja kufanya msomaji.

Sasa tuje kwenye kidonda chenyewe, kusoma ukiwa nje ya chuo. Malalamiko mengi yanayotufikia ni haya: nikiwa maktaba makala inafunguka, nikifika nyumbani inanidai hela. Watu wanadhani usajili umekatwa. Kumbe mchapishaji wa jarida huwa anamtambua msomaji kwa anwani ya IP, ile namba ya mtandao unaotumia, chuo kimempa namba zake na yeyote anayeingia kupitia namba hizo anafunguliwa mlango bila kuulizwa jina. Ukiwa nyumbani unaingia kwa namba ya kampuni yako ya simu, mchapishaji hakujui, anakuonyesha bei. Ndio maana kuna seva ya katikati, proksi, programu kama EZproxy ambayo ilianza mwaka 1999: unalogini kwa akaunti ya chuo, seva inakwenda kwa mchapishaji kwa niaba yako ikiwa na namba ya chuo, inakuletea makala. Ni mpango mzuri ila una tundu moja kubwa, unafanya kazi tu kama umepitia linki ya maktaba. Ukiikuta makala kwenye Google ukabofya moja kwa moja umeizunguka proksi, na hakuna mtu alikuambia, na kwa kweli ungejuaje.

Kwahiyo kazi yetu ni kumfuata msomaji alipo badala ya kusubiri apite mlangoni kwetu. Google Scholar ipo tangu 2004 na ndani ya mipangilio yake kuna sehemu ya linki za maktaba, maktaba ikishafanya usajili upande wake mwanafunzi anachagua jina la chuo chake mara moja tu, baada ya hapo pembeni ya matokeo anaona linki inayompitisha kwetu. Na kwa makala ambayo hatujailipia kuna Unpaywall, inawekwa kwenye brauza, inatumia DOI ya makala (ile namba ya kudumu ya chapisho) kuangalia kama kuna nakala iliyowekwa wazi kihalali mahali pengine. Dakika 10 za kuwaonyesha wanafunzi wapya vitu hivi viwili zina faida kuliko ile ziara ya kuwazungusha ghorofa zote na kuwaambia wasile ndani.

Halafu ile "hakuna matokeo". Mtu kakosea herufi moja ya jina la mwandishi, au kaandika swali zima kama anavyoongea, katalogi inatafuta herufi kwa herufi haioni kitu. Ukurasa huo usiwe ukuta. Weka pendekezo la tahajia, weka linki ya kutafuta kwenye makala, weka kitufe cha kumuuliza mkutubi, weka fomu ya kuomba kitabu kinunuliwe au kiazimwe maktaba nyingine. Na kila mwezi toa orodha ya yale yaliyotafutwa yasipatikane, uisome kwa utulivu, mimi naiona ni nyaraka muhimu kuliko ripoti nyingi tunazoandika, kwa sababu pale watu wamekuambia wanataka nini kwa maneno yao wenyewe. Ila futa majina na namba za usajili kabla hujaigusa, mtu anachosoma ni siri yake.

Utasikia hela hamna. Nakubali zipo kazi zinazotaka bajeti, lakini kumkalisha mwanafunzi mbele ya simu yake hakuna gharama. Jakob Nielsen, mtaalamu wa kupima kama websaiti ni rahisi kutumia, aliandika mwaka 2000 kwamba ukijaribu na watumiaji 5 utaona matatizo mengi, akakadiria kama asilimia 85 hivi. Wapo wanaobisha hesabu yake, lakini wazo ni zuri: jaribu na watu 5, rekebisha, jaribu na wengine 5, usikusanye watu 15 kwa mara moja. Mpe kazi ya kweli, "tafuta kitabu fulani uniambie kipo rafu gani", halafu unyamaze. Kunyamaza ndio kugumu, mkono unawasha umwonyeshe pa kubofya, mimi ilinichukua muda kujizuia. Ukimsaidia umeharibu jaribio, maana kesho saa 6 usiku atakuwa peke yake. Na kama mfumo wenu ni Koha, ile programu huria ya kuendeshea maktaba iliyotokea Nyuzilandi mwaka 1999, maneno mengi ya kwenye skrini mnaweza kuyabadilisha wenyewe bila kumsubiri muuzaji.

Jaribuni kwa simu, sio kwa kompyuta kubwa ya ofisini. Na jaribuni na msomaji asiyeona, hapa tumelala sana. PDF iliyoskaniwa kama picha ni ukurasa mtupu kwa programu inayosoma kwa sauti, lazima maandishi yatambuliwe kwanza kwa OCR, programu inayogeuza picha ya maandishi kuwa maandishi yenyewe. Maandishi ya kijivu juu ya kijivu yanachosha hata mwenye macho mazima, mwongozo wa WCAG, ule wa kimataifa wa kufanya websaiti zitumike na watu wote hata wenye ulemavu, unataka tofauti ya mwangaza kati ya herufi na rangi ya nyuma yake iwe angalau 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida. Na Mkataba wa Marrakesh wa 2013 unaziruhusu maktaba kwenye nchi zilizojiunga zitengeneze nakala inayosomeka kwa wasioona bila kuomba kibali cha mwenye haki, kwahiyo tusijifiche nyuma ya hakimiliki.

Wewe unayetumia maktaba, ukikwama usifunge ukurasa kimyakimya. Piga picha ya skrini, tuandikie uliandika nini kwenye kisanduku cha kutafutia, ulikuwa chuoni au nyumbani, na saa ngapi, maana bila hayo manne tunabaki kubahatisha. Na kama kuna neno pale kwenye ukurasa hukulielewa litaje pia, hilo tunaweza kulibadilisha siku hiyohiyo.