Majini Tanga na Pangani: tunayoambizana na yaliyo kweli

Sikukuu zikikaribia, Tanga nzima huelekea majini. Wenye nafasi hukodi boti kwenda visiwa vya Toten au Ulenge, wengine hujaa Raskazone, na vijana huchanga nauli kushuka Pangani, kilomita 50 hivi kusini, wapande mto kwa boti au wavuke kwenda Maziwe. Mimi nataka watu waende. Haipendezi mtu azaliwe Tanga, akulie Tanga, na bahari aijue kwa kuitazama tu. Ila kabla ya safari hizi kuna maneno hurudiwa mpaka yanaaminika, na baadhi yake yanaua.

“Maziwe ni kisiwa, tutakaa mpaka jioni”

Maziwe leo ni fungu la mchanga. Hadi miaka ya 1970 palikuwa na mivinje, na kasa walipanda kutaga chini yake. Mawimbi yakala mchanga, miti ikaanguka, na sasa maji yakijaa sawasawa fungu lote hufunikwa. Ndiyo maana mayai ya kasa wanaotaga pale huhamishiwa bara, pwani ya Ushongo, yasije yakaharibiwa na maji.

Sasa piga hesabu ya saa. Siku za bamvua, yaani siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama au kuwa mpevu, pwani yetu maji hukauka karibu saa 4 asubuhi na kujaa karibu saa 10 alasiri. Kati ya kukauka na kujaa maji hupanda mita 3 na zaidi, na hayapandi kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza husogea polepole, mtu hata hatambui. Saa ya tatu na ya nne ndipo yanapokimbia: nusu ya kima chote hupanda katika saa hizo mbili. Kwa bamvua hiyo ni kati ya saa 6 na saa 8 mchana, wakati ambao watu wamevua viatu, chakula kimefunguliwa na watoto wako upande wa pili wa fungu. Nahodha akikuambia anarudi mara moja Pangani kuchukua kundi lingine, mkatalie. Chombo kikae pale mlipo.

Tena usichukue saa za wiki iliyopita ukazitumia wiki hii. Kila siku maji huchelewa dakika 50 hivi. Ikifika siku za maji mafu, yaani mwezi ukiwa nusu, saa 4 asubuhi maji ndiyo yamejaa, na aliyekwenda kutafuta mchanga hukuta bahari tupu. Muulize mvuvi yeyote wa Sahare au Kigombe, atakujibu bila kutazama saa.

“Asubuhi ilikuwa shwari kabisa”

Asubuhi karibu kila siku ni shwari. Upepo wa usiku hutoka nchi kavu, ukipungua bahari inalala, halafu jua likishapanda upepo wa baharini unaamka. Msimu wa kusi, upepo utokao kusini, hasa Juni na Julai, huamka kwa nguvu. Bahari ya saa 1 asubuhi haikuelezi lolote kuhusu bahari ya saa 9 alasiri. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa upepo na mawimbi kwa watumiaji wa bahari kila siku. Uangalie, na ukionya juu ya upepo mkali ahirisha safari, hata kama fedha ya boti imeshalipwa.

Pangani ina jambo lake. Maji yakipwa, mto husukuma maji kwenda baharini, na kusi nayo inasukuma mawimbi kuja nchi kavu. Hapo mlangoni vinapokutana, wimbi husimama wima na kuwa fupi, nalo hukipiga chombo kidogo vibaya kuliko wimbi refu la bahari kuu. Na chini yake kuna mafungu ya mchanga. Manahodha wa pale husubiri maji yajae ndipo wavuke. Abiria anayewaharakisha hajui anachokiomba.

“Ni hapo tu karibu, jaketi la nini?”

Hii ndiyo inayoniuma zaidi. MV Nyerere, kivuko cha Ziwa Victoria, ilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 ikiwa imeshakaribia gati la Ukara. Iliruhusiwa kubeba watu 101, na waliokufa peke yao walizidi 200. Ukaribu na nchi kavu haukuwasaidia, kwa sababu chombo kilichojaa kupita kiasi hupinduka watu wakisogea upande mmoja, na wakati wa kusogea ni ule wa kufika, kila mtu anapotaka awe wa kwanza kushuka.

Majaketi mara nyingi yapo. Tatizo ni mahali yalipo: yamefungwa kamba kwa fundo moja gumu, yamesukumwa chini ya omo, yaani mbele ya chombo, na juu yake pamewekwa nanga na dumu la mafuta. Jaketi la namna hiyo limewekwa kwa ajili ya mkaguzi wa TASAC, shirika linalosimamia usalama wa vyombo vya majini. Livae kabla chombo hakijaondoka, funga vibano vyote, na la mtoto liwe la mtoto, maana la mtu mzima litamvuka kichwani.

Wengine husema dumu tupu linatosha. Kwa hesabu ya kuelea ni kweli: dumu la lita 20 lililozibwa vizuri hubeba karibu kilo 20, na jaketi la kawaida la mtu mzima hubeba kilo 10 hivi. Lakini dumu linataka ushikwe mpini wake muda wote, na mkono uliolowa, uliochoka, unaopigwa na mawimbi, huachia. Jaketi linakushika wewe, hata ukizimia.

Na chombo kikipinduka usikimbilie kuogelea kwenda ufukweni eti unauona. Macho hudanganya juu ya maji, na mkondo hauonekani. Ngalawa ya mbao hata ikijaa maji huelea. Ishikilie, kaeni pamoja, waokoaji huona chombo mapema kuliko kichwa cha mtu.

“Mamba hawafiki penye chumvi”

Wanafika. Mamba wetu huvumilia maji ya chumvi, na Mto Pangani una mamba. Usiogee kando ya mto, usitumbukize miguu ukiwa botini, na ukisimama kupiga picha kwenye mikoko simama ndani ya chombo.

Kwa hilo hilo, mto si salama kuliko bahari kwa sababu tu hauna mawimbi. Maji baridi ni mepesi kuliko ya chumvi, kwa hiyo chombo kilichopakiwa hadi ukingoni kikiwa baharini huzama zaidi kikiingia mtoni.

“Tutapiga mbizi tumwone silikanti”

Hamtamwona samaki huyo wa kale. Hifadhi ya Bahari ya Silikanti ipo tangu 2009, lakini samaki mwenyewe huishi kwenye miamba yenye giza, kina cha mita 100 na zaidi. Mwisho wa mpiga mbizi wa kawaida ni mita 40. Nendeni kwa ajili ya matumbawe.

“Ukichomwa na taa, kojolea jeraha”

Mkojo hausaidii. Sumu ya mwiba wa taa, yule samaki bapa mwenye mkia mrefu, hupunguzwa makali na joto: tumbukiza mguu kwenye maji ya moto kadiri unavyoweza kuvumilia bila kuungua, nusu saa au zaidi, kisha hospitali. Maji yakiwa yamekauka, tembea kwa kuburuza miguu mchangani, taa atahama mwenyewe.

“Anayezama atapiga kelele”

Hapigi. Mdomo uko chini ya maji, ukitoka juu unatafuta hewa, hauna nafasi ya kuita. Mikono hukandamiza maji pembeni, kwa mbali utadhani anacheza. Haya yote yanaweza kwisha chini ya dakika moja. Mtoto aliyekuwa na kelele akanyamaza ghafla, mtazame hapo hapo. Kama hujui kuokoa usimrukie, mtupie dumu, kamba, chochote kinachoelea, kwa sababu anayezama akikushika atakuzamisha.

Akitolewa, hapa kwetu wapo wanaomgeuza kichwa chini miguu juu, au kumkamua tumbo, maji yatoke. Muda huo ndio anaokufa. Anachokosa ni hewa. Mlaze chali, kama hapumui inua kidevu, bana pua, mpulizie pumzi 5, kisha kandamiza katikati ya kifua mara 30 kwa nguvu na haraka, pumzi 2, tena 30, bila kuacha mpaka msaada ufike. Mwingine apige 114 au 112. Na akizinduka, akakaa, akasema yuko sawa, bado apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Mapafu yaliyoingiwa na maji yanaweza kuanza kusumbua saa kadhaa baadaye, usiku, watu wote wameshalala.