Mlinzi mwenye kirungu hatatibu matusi

Juzi tena, mjumbe mmoja wa CODESA yetu, kamati ya wakazi inayofuatilia kituo cha afya, kanishika bega: "Muganga, weka mlinzi mwenye kirungu mlangoni, watu watakoma kuwatukana wauguzi wako." Ni mzee wangu, nikaitikia "ndiyo papa". Humu ninaandika, kwa hiyo naweza kusema hapana.

Mimi ni I.T., yaani muuguzi mkuu, wa kituo cha afya hapa Goma. Nimetukanwa kwa Kiswahili, kwa Kifaransa na kwa Kinande, na ngumi nimepigwa moja tu, na motari, dereva wa pikipiki, aliyemleta dada yake. Karibu yote hayo yalianzia kwenye benchi, si mlangoni. Mtu anapita kwa mlinzi akiwa mpole kabisa. Anaivia ndani.

Mlinzi tuliwahi kuwa naye. Watu wakagombana naye kwanza, halafu wakanifikia mimi wakiwa wameshapata moto.

Shida ni triaji ya kimyakimya: kupanga nani aingie kwanza kwa ukali wa ugonjwa, bila kumweleza mtu. Mama kafika saa kumi na mbili asubuhi, kachukua fishi, kadi yake yenye namba, kakaa na mtoto mwenye homa. Saa nne anaingia mwingine na mtoto mwenye degedege, tunampitisha mbio, hakuna anayesema neno. Sisi tumeona dalili ya hatari. Yeye kaona mtoto wa mtu mwenye jamaa ndani. Tafadhali, msiniambie huyo mama hana elimu! Katika ofisi ngapi za mji huu mtu hupitishwa mbele kwa sababu ni ndugu ya fulani? Anasoma alichofundishwa na maisha.

Kwa hiyo nimewalazimisha wauguzi waseme kwa sauti, benchi nzima isikie: "Mama zangu, mtoto huyu anashtuka, anaingia kwanza. Namba kumi na nne, wewe ndiye unafuata." Sekunde kumi. Na foleni ikisimama, tunasema imesimama, na kwa nini. Neno "ngoja kidogo" nimelipiga marufuku. "Kidogo" ya hapa inaweza kufika hadi adhuhuri, kila mtu anajua.

Uingereza walijaribu jambo la namna hiyo katika idara za dharura: wabunifu walioitwa na Design Council, shirika la ubunifu la huko, walibandika mbao zinazomweleza mgonjwa yuko hatua gani na kwa nini wengine wanatangulia. Mwaka 2013 wakaripoti kwamba tabia za vitisho na ukali zilipungua kwa nusu. Kwetu mbao ningeziweka mwisho. Zitaandikwa Kifaransa, kisha zitafunikwa na tangazo la chanjo.

Watu wenye silaha ni kesi nyingine. Daktari Richard Mouzoko aliuawa kwa risasi Butembo, tarehe 19 Aprili 2019, wakati wa Ebola. Anayenitajia kirungu baada ya hapo sijui anamaanisha nini.

Ninapokwama ni kwenye pesa. Umweleze mtu triaji vizuri namna gani, ukimwambia alipe kwanza, au mke wake aliyejifungua hatatoka mpaka deni liishe, sauti nzuri haisaidii. Mimi mwenyewe ningepiga meza. Zamani muuguzi wa mapokezi ndiye aliyepokea pia faranga, akala matusi ya sheria ambayo hakuitunga. Nikatenganisha: fishi huku, malipo kule, chumba kingine. Mapokezi pametulia, hilo naliona. Ila kashia wetu ameanza kuja kazini na uso uliokunjamana, na nashuku nusu ya hayo matusi sikuyapunguza, niliyahamisha tu. Nimeomba angalau madeni ya uzazi yajadiliwe na familia pamoja na mareko, wahudumu wa afya wa kujitolea mtaani, wanaowajua nyumbani, kabla ya siku ya kutoka. Mara nyingine inafaa. Mara nyingine familia inafika tayari imewakasirikia mareko pia.

Jumatatu tuna mkutano. Nitaomba benchi mbili na kipaza sauti kidogo. Wakining'ang'aniza huyo mlinzi, nitampokea, aache kirungu nyumbani, awe anaita namba.