Hakimu Aliyechoka na Haki ya Mdaawa

Umoja wa Mataifa umeitenga tarehe 25 Julai kuwa siku ya kimataifa ya ustawi wa majaji na mahakimu. Ndiyo tarehe ambayo Azimio la Nauru kuhusu jambo hilo lilipitishwa mwaka 2024. Kila tukiitaja siku hii tunaulizwa: kwani kuketi na kusikiliza watu nako kunachosha?

Chukua asubuhi moja. Saa tatu mtoto anaeleza ukatili aliofanyiwa na mtu wa nyumbani kwao. Hakimu hawezi kulia, hata kutikisa kichwa hawezi, maana upande wa pili utasema ameshaamua. Saa nne na nusu wanaingia wenye mgogoro wa mpaka, nao wanastahili masikio yale yale. Mchana karani anabaki na rekodi. Atairudisha nyuma sauti ya yule mtoto mara nne, mara tano, mpaka neno lililosemwa kwa kunong'ona liingie sawasawa kwenye mwenendo wa shauri. Karani huyu hakuna anayemuuliza amelalaje.

Kanuni za Bangalore za mwaka 2002, zinazohusu maadili ya majaji na mahakimu, zinataja mambo sita: uhuru, kutopendelea, uadilifu, mwenendo ufaao, usawa, na umahiri pamoja na bidii. Msongo wa mawazo huanza kulitafuna hili la mwisho. Hukumu inaahirishwa, sababu zake zinaandikwa kwa mkato, ukali unaingia sautini. Azimio la Nauru linasema wazi kwamba msongo si udhaifu na asiaibishwe aliye nao.

Hata hivyo, uchovu haumpi yeyote ruhusa ya kumtukana mdaawa, yaani mwenye kesi, kuficha jalada wala kupokea bahasha. Likitokea, lalamika kwa maandishi. Taja namba ya shauri, tarehe, aliyehusika, alichosema au kutenda, na waliokuwepo. Tia sahihi. Mlalamikiwa atatakiwa kujieleza. Akionekana ana la kujibu, suala litapelekwa kwenye chombo cha nidhamu. Kwa kadiri ya sheria ya nchi husika, adhabu yaweza kuwa onyo, karipio, kusimamishwa, hata kuondolewa kazini. Rushwa ni jinai, na katika nchi nyingi mtoaji hushtakiwa pamoja na mpokeaji. Bado wapo wanaoshangaa kuelezwa hivyo.

Kushindwa kesi, tumesema mara nyingi, si lalamiko la maadili. Hukumu usiyoridhika nayo hukatiwa rufaa, na rufaa ina muda wake. Anayezungusha barua za lawama ofisi hadi ofisi huja kushtuka muda umekwisha.

Tena, tafadhali, msimtafute hakimu kwa simu wala kupitia shemeji yake. Najua wengi wana nia njema, wanataka tu "kumweleza vizuri". Mnamlazimisha kuyatoa mazungumzo hayo mbele ya pande zote, pengine ajitoe kabisa, na shauri liangukie kwa mwenzake ambaye tayari amezidiwa na mrundikano.

Kwa watumishi wenzangu: usingizi ukikukimbia baada ya shauri fulani, mwambie msimamizi wako mapema, kabla majalada hayajaanza kulala mezani. Nawe msimamizi usimjibu "vumilia, ndiyo kazi". Panga zamu, ili karani aliyeandika ushahidi wa mauaji wiki nzima apewe mashauri ya mirathi wiki inayofuata.