Mnyoo wa kilindini naye ana deni kwa jua

Juzi nimeisikia tena, safari hii kwa mwalimu wa baiolojia: "Wale minyoo wakubwa wa chemchemi za moto chini ya bahari hawana haja na jua kabisa." Nimeshachoka nayo, hasa kwa vile nusu yake ni kweli.

Tangu chombo cha kuzamia Alvin kiwafikishe watafiti kwenye chemchemi za karibu na Galápagos mwaka 1977, kina cha mita 2,500 hivi, tumejua kwamba mnyoo huyo, Riftia pachyptila kwa jina la kisayansi, haishi kwa makombo yanayodondoka kutoka juu. Hana utumbo. Mwilini mwake mmejaa bakteria, na hao ndio wapishi: wanaunguza hidrojeni salfaidi, ile gesi inayonuka mayai viza, na kwa nishati yake wanageuza kaboni dioksaidi kuwa chakula.

Sasa, wanaiunguza kwa kitu gani? Kwa oksijeni! Lile shungi analochomoza kichwani ni jekundu kwa hemoglobini, ile protini ya damu, na hemoglobini hiyo hubeba oksijeni na salfaidi kwa mpigo mmoja, kila moja ikishikwa mahali pake. Oksijeni hiyo haikutoka kwenye mwamba. Ilitengenezwa kwa mwanga wa jua na mimea na vijimea vya baharini, kisha ikazama na maji baridi kutoka pande za ncha za dunia. Kwa hiyo mtu akikwambia habari za "bila jua", muulize mnyoo anavuta nini. Wasiodaiwa na jua ni vijidudu vya huko huko vinavyotumia hidrojeni na kaboni dioksaidi kutoa methani, ila hivyo havina shungi la kupigia picha.

Shungi, kwa taarifa yenu, si mdomo. Mnyoo mzima hana mdomo; bakteria humwingia kupitia ngozi angali mchanga.

Wala hachemki. Maji ya mabomba ya moshi mweusi, yaani yale madohani ya chemchemi yanayotoa maji meusi kama moshi, hupita nyuzi 350 za Selsiasi, lakini yeye hukaa pembeni, kwenye uvuguvugu.

Wala haishi mamia ya miaka; wanaoishi hivyo ni binamu zake wa chemchemi baridi za Ghuba ya Mexico. Yeye ana haraka, kwani chemchemi yake yaweza kuzimika wakati wowote: amepimwa akirefuka zaidi ya sentimita 85 kwa mwaka.

Na vijana wa pwani wanaouliza kama yuko kwetu: hayuko. Bahari ya Hindi ina chemchemi zake, kama Kairei iliyogunduliwa mwaka 2000, zenye kamba chungu nzima na konokono mwenye magamba ya chuma mguuni. Riftia ni wa Pasifiki ya mashariki.