Je, wajua kwa nini nesi aliesomea kuamsha moyo uliosimama, yaani CPR, kumkandamiza mtu kifua na kumpa pumzi, anasahau kabla cheti chake hakijaisha?

Shangazi yangu ni nesi spitali moja kule Pemba, sitoitaja, yupo kazini miaka mingi mpaka watoto aliowazalisha washamletea wajukuu. Siku moja karudi kwenye semina kanuna. Kisa, kaulizwa kwenye karatasi mtu mzima moyo umesimama unamkandamiza kifua mara ngapi ndo umpe pumzi 2, yeye kaandika 15, kakoseshwa. "Mie ndo nilivosomeshwa!" anasema huku anavua buibui.

Na kweli hakukosea, alichelewa tu. Zamani jibu lilikuwa 15 kwa 2, miongozo ya kimataifa ya 2005 ikabadilisha ikawa 30 kwa 2. Ikaja 2010 Wamarekani wakageuza na utaratibu wenyewe, mwanzo ulikuwa unafungua njia ya hewa, unatoa pumzi, alafu ndo kifua, sasa mtu mzima akianguka ghafla unaanza na kifua moja kwa moja mana damu yake bado ina oksijeni ya kuanzia. 2015 wakaweka mpaka wa juu, kasi 100 hadi 120 kwa dakika, kina sentimita 5 lakini usipite 6. Kwahiyo ukisikia watu wa afya wamepewa mtihani wa CPR wakafeli usikimbilie kusema hawajasoma, wengine wamesoma vizuri sana, ila kitabu ndo kimewakimbia.

Lakini hiyo ni nusu, nusu ya pili ni mikono. Utafiti wa nchi nyingi umekuta ujuzi huu unaanza kupotea ndani ya miezi 3 hadi 6, wakati cheti cha chama cha moyo cha Marekani kinadumu miaka 2. Kutia dripu nesi anatia kila siku hawezi kusahau, ila moyo kusimama mbele yako, na wewe ndo wa kwanza kufika, kwenye spitali ndogo miezi inapita haijatokea. Siku ikitokea ni saa nane usiku, jamaa wanalia mlangoni, na kichwa kinajua lakini mikono haijui.

Na mikono ina mengi ya kujua, mana ukikandamiza vizuri kabisa unaupelekea mwili kama robo mpaka theluthi ya damu ya kawaida, basi, na ubongo bila damu unaanza kuharibika ndani ya dakika 4 mpaka 6. Hapo hakuna hata tone wala dakika ya kupoteza. Shangazi alinionesha sebuleni kwa mto wa kochi, viwiko vimenyooka, mabega juu ya mikono, uzito wa mwili ndo unaoshuka. Nikajaribu, akanipiga kofi la mkono, "Achia kifua kirudi juu! Moyo utajaa vipi damu nawe umeulalia?" Kabla sijafika dakika 2 nimelowa jasho na nikijiona bado niko vizuri, kumbe ndo hapo kina kinapungua bila mwenyewe kujua, ndo mana wanapokezana kila dakika 2 hata kama hujachoka. Kingine godoro. Lile laini la wodini linabonyea lenyewe, wewe unaona umeshuka sentimita 5 kumbe umebonyeza sponji, mgonjwa anatakiwa alale juu ya kitu kigumu, ndo mana wengi huweka ubao chini ya mgongo, na huo ubao sasa kautafute uko wapi usiku ule.

Kuna kosa jengine linanisumbua zaidi mie. Moyo ukisimama ghafla mtu anaweza kuendelea kuvuta pumzi moja moja za kukoroma, mdomo wazi, kama samaki alotolewa majini. Huku kwetu tukiona vile tunasema huyo yuko kwenye sakarati, mmoja anaanza Yasin mwengine anamuelekeza kibla, na hata mfanyakazi wa afya anaweza kusema si bado anapumua huyo tusubiri. Kwa mgonjwa aliezidiwa siku nyingi sawa, ila kwa mtu alokuwa anacheza bao barazani sasa hivi kaanguka, haitiki, zile si pumzi, ni alama ya kuanza kukandamiza.

Ile mashine ya kushtua moyo nayo tumedanganywa na filamu, mstari ukishalala moja kwa moja kwenye kioo haishtuliwi, hapo ni kukandamiza na sindano ya dawa ya adrenalini. Mashine ni ya moyo unaotetemeka ovyo bila kusukuma damu, na huo kila dakika ikipita bila CPR wala mashine nafasi ya kupona inashuka asilimia 7 mpaka 10. Kwahiyo atakaefika na mikono kabla mashine haijaletwa ndo mwenye kazi kubwa.

Sasa dawa ya kusahau si semina ndefu yenye soda na bahasha. Ilioonekana kusaidia ni mazoezi mafupi ya mara kwa mara, dakika chache tu, hapo hapo wodini. Mdoli wenyewe wa kujifunzia kukandamiza si kitu kipya, Asmund Laerdal, mtengeneza midoli wa Norway, aliutoa 1960, mwaka ule ule watafiti wa chuo cha Johns Hopkins Marekani walipotangaza kwamba damu inaweza kuendeshwa kwa mikono bila kupasua kifua. Tatizo midoli mingi inafungiwa kabatini na ufunguo anao bosi.

Wa kwao shangazi alipigania mpaka ukatolewa. Kila akiingia zamu ya usiku anaulaza chini sakafuni anakandamiza dakika 2 huku anahesabu kwa sauti, na akifika 15 anasema bado anashikwa na hamu ya kusimama.