Nani huipeleka Marekani vitani?

Mara ya mwisho Bunge la Marekani kutangaza vita rasmi ilikuwa Juni 1942, dhidi ya Bulgaria, Hungaria na Romania. Tangu hapo wanajeshi wa nchi hiyo wamepigana Korea, Vietnam, Iraq, Afghanistan na kwingineko bila tangazo hata moja. Wanaohudhuria mihadhara yetu kwa umma hushangaa kusikia hivyo, na wana haki, maana Katiba ya Marekani inawapa wabunge, si rais, mamlaka ya kutangaza vita.

Korea ndiko mazoea hayo yalikoanzia. Mwaka 1950 Rais Harry Truman alipeleka majeshi kwa kutegemea maazimio ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, bila kuomba kibali cha Bunge. Lakini kisa kinachostahili kusomwa taratibu ni cha Ghuba ya Tonkin.

Tarehe 2 Agosti 1964, manowari ya Kimarekani Maddox, iliyokuwa ikikusanya taarifa za kijasusi karibu na pwani ya Vietnam Kaskazini, ilirushiana risasi na boti tatu za torpedo. Hilo lilitokea kweli. Siku mbili baadaye, usiku wa dhoruba, Maddox na mwenzake Turner Joy ziliripoti kushambuliwa tena, zikafyatua mizinga gizani kwa muda mrefu. Rubani James Stockdale, aliyekuwa akiruka juu yao, alikuja kueleza kwamba hakuona boti yoyote. Kapteni John Herrick, aliyeongoza msafara huo, alituma ujumbe kwamba huenda hali ya hewa iliwachanganya waliokuwa kwenye rada, na wasikilizaji wa mawimbi ya chini ya maji walikuwa na papara. Akashauri mambo yachunguzwe kwanza kabla ya hatua nyingine yoyote. Alipoulizwa tena, alisema anaamini shambulio la mwanzo la usiku huo lilikuwa la kweli, ila shaka yake ilikuwa imekwisha kuandikwa.

Kwangu mimi, ujumbe huo ndio karatasi muhimu kuliko zote katika kisa hiki, kwa sababu ulifika Washington mapema. Usiku uleule Rais Lyndon Johnson alitokea kwenye televisheni na kutangaza kwamba ndege zinaenda kushambulia Vietnam Kaskazini. Tarehe 7 Agosti Baraza la Wawakilishi likapitisha azimio la kumruhusu rais kutumia nguvu kwa kura 416 bila hata moja ya kupinga. Katika Seneti kura zilikuwa 88 kwa 2. Waliokataa ni Wayne Morse wa Oregon na Ernest Gruening wa Alaska. Kufikia 1968 wanajeshi wa Marekani waliokuwa Vietnam walizidi 500,000. Zaidi ya 58,000 walipoteza maisha, na Wavietnam waliokufa walikuwa wengi mara nyingi zaidi. Mwaka 2005 Shirika la Usalama wa Taifa la Marekani lilitoa hadharani utafiti wa mwanahistoria wake, Robert Hanyok, uliohitimisha kwamba usiku wa tarehe 4 hakukuwa na shambulio.

Bunge lilijifunza, japo kwa kuchelewa. Mwaka 1973 lilipitisha sheria ya mamlaka ya vita, likaishinda kura ya turufu ya Rais Richard Nixon. Rais akiingiza majeshi kwenye mapigano lazima aliarifu Bunge ndani ya saa 48, na asipopata kibali ndani ya siku 60 ayaondoe, pamoja na nyongeza ya siku 30 za kuyatoa salama. Marais wamekuwa wakiikwepa. Mwaka 2011, siku 60 zilipopita Libya, serikali ya Barack Obama ilidai kwamba mashambulizi yale hayakufikia kiwango cha mapigano kinachotajwa na sheria. Naona hoja hiyo ilikuwa dhaifu: mabomu yalikuwa yakidondoshwa.

Kibali cha Bunge cha kutumia nguvu, cha Septemba 2001, kinatugusa zaidi sisi wa Afrika Mashariki. Kilipitishwa siku tatu baada ya mashambulizi ya New York na Washington, na katika Baraza la Wawakilishi aliyekikataa ni Barbara Lee wa California peke yake. Kililenga waliohusika na mashambulizi hayo na waliowahifadhi. Mwaka 2016 serikali ya Marekani ilitangaza kwamba kinahusu pia al-Shabaab wa Somalia, kundi ambalo halikuwepo wabunge walipopiga kura.