Je, wajua kwa nini mtu apasuliwe shingo halafu sauti ndio ipotee?

Tuseme msomaji maulidi wa hapa Lamu kaenda Mombasa kufanyiwa oparesheni ya diski ya shingo, ule mto laini ulio kati ya pingili, iliyokuwa ikimtia ganzi mkono, karudi mkono uko sawa lakini sauti inakwaruza, basi barazani maneno yaanza, ati daktari kamkata koo. Si lazima iwe hivyo.

Pingili za shingo twazishika kwa nyuma, ila diski mara nyingi hufuatwa kwa mbele, manake ukiingilia nyuma unakutana kwanza na ule mshipa mkubwa wa fahamu unaoshuka toka ubongoni, na huo hausukumwisukumwi. Kwa mbele daktari anapasua kidogo, anasogeza koo la hewa na la chakula kando, anaifikia diski. Sasa hapo hapo ndipo ilipo neva ya sauti, na hiyo neva ina safari ya ajabu: yatoka kichwani, yashuka shingoni mpaka kifuani, upande wa kushoto yazunguka chini ya mshipa mkuu wa damu utokao moyoni, ndio irudi juu tena kwenye sauti, kama mtu wa Lamu mjini aende Shela kwa kupitia Mokowe!

Mara nyingi haikatwi, inavutwa tu au inabanwa kati ya vyuma vya kushikilia koo kando na mpira wa kupumulia wa nusukaputi. Ikibanwa hivyo, wengi sauti hurudi baada ya wiki au miezi. Kwa sasa lakini maji yaweza kumpalia, anywe polepole.

Kuna na bega. Shingo ina pingili 7 ila jozi za neva ni 8, na ile ya 5 ndio inayoinua mkono. Mtu anaamka salama, siku mbili tatu baadaye hawezi kunyanyua mkono avae kanzu, na hii hutokea hata ukipasuliwa kwa nyuma. Wengi hupona, ila yataka miezi na mazoezi.

Na kama ulishapasuliwa rovu, ule uvimbe wa shingo, zamani, mwambie daktari mapema hata kama sauti yako ni nzuri, akuangalie koo kwa kamera, manake neva ya sauti iko kila upande, na yawezekana upande mmoja ulishapooza kwa upasuaji ule bila wewe kujua, na akiugusa wa pili shida haitakuwa sauti tena, itakuwa pumzi.